Kuajiri mwalimu si kazi, kazi ni kumtunza

Kila serikali inapotangaza ajira mpya za walimu, hesabu tunayosomewa ni ya wanaoingia. Hesabu ya waliobaki hatusomewi. Miaka mitatu baadaye hakuna anayerudi kutueleza wangapi bado wako kwenye vituo walivyopangiwa, wangapi wamehamia mjini, wangapi wamebadilisha kada, na wangapi walibeba begi wakaondoka bila kuaga. Shule ya kijijini iliyopokea walimu watatu kwa shangwe inajikuta tena na mwalimu mkuu yule yule na wenzake wawili, wakigawana madarasa saba. Kisha tunaambiwa kuna upungufu wa walimu, na dawa inayotajwa ni ile ile: tuajiri wengine.

Ajira zinahitajika, hilo halina ubishi. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamefurika madarasani, na mzigo mkubwa zaidi uko njiani. Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Maana yake ni kwamba mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza. Walimu wa kuwapokea hatutawapata kwa kuajiri tu, ikiwa waliopo wanaendelea kutuponyoka.

Tuangalie tunavyompokea mwalimu mgeni. Anapewa barua ya kupangiwa kituo. Anapanda basi hadi makao makuu ya wilaya, anaripoti halmashauri, anaambiwa posho ya kujikimu itaingia baadaye, ajitegemee kwanza. Anakodi bodaboda kwa fedha ya kuazima, begi mbele, godoro limefungwa nyuma. Anafika shuleni jioni. Mwalimu mkuu, mtu mwema aliyezidiwa, anamwomba alale ofisini kwanza, kati ya kabati la mitihani na magunia ya mahindi ya uji wa wanafunzi, hadi apatikane mwenye chumba. Chumba kinachopatikana hakina dari, choo ni cha kwa jirani, maji ni ya kufuata kisimani kabla hakujapambazuka. Jumatatu anakabidhiwa chaki, ratiba ya vipindi na darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Mapokezi yameishia hapo.

Jirani kabisa na shule hiyo kuna boma. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, wakainua kuta za nyumba ya mwalimu hadi kwenye lenta, wakasubiri halmashauri ilete mabati kama walivyoahidiwa. Mabati hayajaja. Nyasi zimeota sebuleni na mbuzi wanashinda chumbani. Maboma ya aina hii hayamshangazi mtu yeyote aliyetembea vijijini. Kijiji kimeshatoa jasho lake. Kilichobaki ni mbao, misumari, mabati, milango na mtu wa kuamua. Mwalimu analala ofisini huku nyumba yake imesimama bila paa, na mwaka ukiisha tunauliza kwa nini anaomba uhamisho.

Hapo ndipo visingizio huanza. Cha kwanza ni kwamba ualimu ni wito. Ni wito kweli, na walimu wengi wanaobaki vijijini wanabaki kwa wito huo. Lakini wito hauezeki nyumba wala haulipi nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku. Anayemhubiria mwalimu wito wakati hajamlipa fedha yake ya likizo, ya uhamisho au malimbikizo ya mshahara, amlipe kwanza. Wapo walimu ambao kupanda kwao madaraja kulikwama miaka kadhaa kufuatia uhakiki wa watumishi wa mwaka 2016, wakabaki wakisubiri mserereko ili walingane na wenzao walioanza nao kazi. Mtu aliyekaa miaka hiyo yote akifundisha bila kugoma hahitaji kukumbushwa wito.

Kisingizio cha pili ni kwamba tumeshaweka utaratibu: mwajiriwa mpya haombi uhamisho mpaka atimize miaka mitatu kituoni. Utaratibu huo una nia njema, lakini peke yake haumweki mtu. Unamzuia kuomba tu, na kutaka kuondoka kuko pale pale. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016, imekuwa ikieleza kwamba kosa linaloongoza katika mashauri ya nidhamu ya walimu ni utoro kazini. Wengine ni wazembe, nao wachukuliwe hatua. Lakini kosa moja likiongoza mwaka baada ya mwaka, mwenye akili zake huacha kuhesabu adhabu akaanza kuuliza watu hao wanakimbia nini.

Kisingizio cha tatu siku hizi ni teknolojia. Ukiuliza habari za walimu unajibiwa kwamba wamepewa vishikwambi. Ni kweli wamepewa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 23, 2022 vilielekezwa kwa walimu sensa ilipokwisha, na ugawaji ulianza kabla mwaka huo haujaisha. Lilikuwa jambo jema na tunalipongeza. Lakini kishikwambi kisicho na bando ni jembe lisilo na mpini. Mwalimu anaweza kulionyesha kwa wageni, kulima haliwezi.

Bando litatoka wapi? Tupige hesabu. Ruzuku ya elimu bila malipo kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Shule ya watoto 400 inapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madirisha, mipira ya michezo na nauli ya mwalimu mkuu kwenda vikaoni. Hakuna mwenye hesabu anayeweza kukuonyesha bando la walimu limekaa kwenye mstari gani. Kwa hiyo linatoka mfukoni mwa mwalimu, kwenye mshahara ambao tayari unalipa kodi ya chumba kisicho na dari.

Na bando hilo anatakiwa alitumie kujaza, si kufundishia. Tathmini ya utendaji wake iko PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS. Maombi ya uhamisho na mengine ya kiutumishi yako ESS. Taarifa za shule ziko SIS. Majina ya wanafunzi yako PReM ya Baraza la Mitihani. Ununuzi wa shule umeingizwa NeST. Kila mfumo ulibuniwa kwa sababu nzuri, na kila ofisi inaona wake tu. Anayeiona yote kwa pamoja ni mwalimu mkuu, ambaye hana karani wala mhasibu, na ambaye anatakiwa pia awe na vipindi vyake darasani. Idadi ya wanafunzi ameshaiandika kwenye mfumo mmoja, ameirudia kwenye wa pili, na Ijumaa mchana inaulizwa tena kwenye kundi la WhatsApp la kata, ikitakiwa kabla ya saa nane. Mtandao unashika pale juu kilimani. Anaacha darasa, anapanda kilima.

Tunalisema hili bila chuki na mifumo. Hakuna anayetaka turudi kwenye mafaili yanayopotea. Tunachosema ni kwamba teknolojia inayomuuliza mwalimu kila siku bila kumsaidia hata siku moja inamchosha, na mwalimu aliyechoshwa ni rahisi kuondoka.

Ipo teknolojia iliyomsaidia, na haikuhitaji semina. Wenye kumbukumbu wanajua shule za mbali zilivyokuwa mwisho wa mwezi zamani. Walimu walikwenda mjini kufuata mshahara benki, wakapanga foleni, wakalala gesti, wakarudi siku ya pili au ya tatu, na watoto wakacheza siku hizo zote. Simu zilipoanza kubeba fedha na mawakala wakafika hadi senta ya kijiji, mwalimu akapata mshahara wake bila kuacha kipindi. Hakuna waraka uliomlazimisha kutumia simu. Aliitumia kwa sababu ilimpunguzia safari.

Ndivyo ilivyo pia kwa maombi ya uhamisho. Zamani mwalimu alifunga safari hadi Dodoma, akakaa korido akisubiri aitwe, akala nauli ya nyumbani. Sasa anatuma maombi akiwa kituoni. Hilo ni zuri sana, ila mfumo unaopokea maombi unapaswa pia kuyajibu. Mwalimu aliyekataliwa kwa sababu zilizoandikwa atapanga maisha yake. Mwalimu ambaye ombi lake la kumfuata mwenza linasoma kwamba linashughulikiwa, mwezi baada ya mwezi, hana la kupanga. Huyo ndiye anayeanza kuugua kila Jumatatu.

Kipimo basi ni rahisi. Kabla halmashauri, wizara au mfadhili hajaleta mfumo mwingine shuleni, aulizwe: huu utampunguzia mwalimu safari gani, karatasi gani, saa ngapi? Kama jibu halipo, mfumo huo usubiri.

Msaada mwingine hauhitaji hata umeme. Mwalimu mgeni anahitaji mtu mzima wa kumshika mkono. Amwonyeshe namna ya kulimudu darasa la watoto 90, amtambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mama anayeuza maziwa, amketishe chini baada ya kipindi kilichoharibika amwambie kwamba hata yeye mwaka wake wa kwanza ulikuwa hivyo. Utaratibu wa MEWAKA, wa walimu kujifunza pamoja wakiwa kazini, ulikusudiwa kitu cha aina hiyo: walimu wa shule moja wakae, wajadili mada inayowasumbua, wasaidiane. Pale mwalimu mkuu anapolinda saa hiyo moja kwa wiki, walimu hukaa na kujifunza. Pale inapogeuka fomu nyingine ya kujazwa na picha ya kutumwa wilayani, hufa.

Afisa elimu kata naye aanze upya. Amepewa posho ya madaraka, na wengi wao walipewa pikipiki ili wafike shuleni. Akifika, swali lake la kwanza liwe kwa walimu: mnaishi wapi, nani hajalipwa, nani anaumwa? Daftari la maandalio atalikagua baada ya hapo. Mthibiti ubora anaweza kupita mara moja kwa mwaka, afisa elimu kata yuko pale kila wiki. Akiwa mtu wa kupeleka kero za walimu mbele na kurudisha majibu, walimu wake watamsubiri. Akiwa mtu wa kukusanya takwimu, watajificha akija.

Tutaambiwa hakuna fedha. Hiki ndicho kisingizio kikongwe kuliko vyote, na kina majibu. Gambia haina utajiri kutuzidi. Mwaka 2006 ilianza kuwaongezea walimu wa shule zilizo mbali asilimia 30 hadi 40 ya mshahara wa msingi, kadiri shule ilivyokuwa mbali na barabara kuu. Sehemu ya walimu wenye sifa katika shule hizo ikapanda. Jirani zetu wa Kenya wana posho ya mazingira magumu kwa walimu wa maeneo kama Turkana na Mandera. Sisi bado tunalipa mshahara uleule kwa mwalimu wa mjini anayeshuka daladala getini na kwa mwenzake anayevuka mto kwa mtumbwi, kisha tunashangaa wa mtumbwi akiomba kuhama.

Lakini hata kabla ya posho, kuna kazi zisizohitaji bajeti mpya kubwa. Kumjibu mwalimu ni bure. Kumlipa posho ya kujikimu siku anaporipoti ni kupanga tu, kwa sababu tarehe ya kuripoti inajulikana tangu ajira zinapotangazwa. Kuacha kuuliza takwimu ambazo tayari mnazo ni bure. Kuezeka boma moja kila kata kwa mwaka kunawezekana kwa mapato ya ndani ya halmashauri iliyoamua hivyo.

Basi kwa nini hayafanyiki? Kwa sababu hakuna anayeulizwa. Mkurugenzi wa halmashauri anaulizwa mapato, anaulizwa madarasa mangapi yamejengwa, anaulizwa ufaulu wa darasa la saba. Haulizwi walimu wangapi kati ya aliowapokea miaka mitatu iliyopita bado wanafundisha pale alipowapanga. Hilo ndilo swali ambalo kila mmoja analikwepa, kwa sababu jibu lake litaonyesha ni halmashauri zipi zinatunza watu na zipi zinawapoteza. Zipo jirani kabisa, zenye barabara zilezile na umaskini uleule, ambazo moja walimu wanaililia na nyingine wanaikimbia. Tofauti yao inafaa ijulikane.

Na hapa teknolojia ingetenda kazi yake halisi. Mfumo wa utumishi na mishahara unamjua kila mwalimu wa shule ya umma: kituo chake, tarehe aliyoajiriwa, siku aliyohama. Hesabu ya waliobaki haihitaji kishikwambi kipya, semina wala mwalimu kujaza chochote. Ofisi ya Rais TAMISEMI inaweza kuitoa kila Januari, halmashauri kwa halmashauri, ikabandikwa kwenye mbao za matangazo na kusomwa kwenye mabaraza ya madiwani. Mkurugenzi atakayeona amepoteza nusu ya walimu wake wapya atayaona maboma yale kwa macho mengine.

Tunachotaka basi ni haya. Hesabu ya walimu waliobaki kituoni baada ya miaka mitatu itangazwe kila mwaka na iwe sehemu ya kipimo cha mkurugenzi. Kila mwalimu mpya aripoti kukiwa na posho yake, chumba chenye paa na mwalimu mlezi aliyetajwa kwa jina. Kila ombi kwenye ESS lijibiwe ndani ya siku 30, liwe ndiyo au hapana, pamoja na sababu. Takwimu ya shule iandikwe mara moja, na ofisi zote zikachukue hapo hapo. Bando la shule liingizwe kwenye ruzuku kwa jina lake. Na minara 758 ya mawasiliano, ambayo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba yake Mei 2023 kwa ajili ya kata 713, ipimwe pia kwa shule ngapi zinapata mtandao darasani, siyo kilimani.

Wazazi na kamati za shule nao wana sehemu yao. Kijiji kinachotaka mwalimu abaki kimpe chumba kizuri kwa kodi ya haki, kimlinde mwalimu wa kike anayeishi peke yake, kisimpandishie bei ya mkaa kwa sababu ana mshahara. Na diwani akija kuomba kura, aulizwe kuhusu boma lile la nyumba ya mwalimu, liko katika kata yake na analijua.

Mwalimu aliyekaa kijijini miaka kumi anajua mtoto yupi haoni ubaoni na yupi anakuja shule bila kula. Hatumpati mtu wa namna hiyo kwa tangazo la ajira. Tunampata kwa kumtunza yule aliyekwisha kufika. Wakurugenzi wa halmashauri waanze na aliyeripoti mwaka huu: wamlipe posho yake, wamwezekee nyumba, wamjibu barua yake.